Uchambuzi wa kisa: bingwa wa mita 200 ambaye muda wake ulikaa vilevile huku bega linaisha

Kabla sijaanza

Hiki ni kisa cha mwogeleaji mmoja niliyekuwa naye bwawani kama kocha msaidizi, karibu kazi yake yote ya ubingwa. Nimetoa jina, nchi, klabu na miaka, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha ili asijulikane, yeye mwenyewe amekubali niandike. Nitamuita R. Naandikia makocha hasa wale wasaidizi wanaoshika stopuwochi na daftari, na wazazi wenye mtoto anayeshinda, maana mtoto anayeshinda ndiye ambaye watu humuangalia kidogo kuliko wote, wanaangalia ubao wa matokeo.

Naanza na picha moja ambayo haijanitoka. Fainali ya mita 200 fristaili (mtindo huru), mashindano makubwa ya kimataifa, R. yuko chumba cha kusubiria, ana leni ya 3, yaani kwenye nusu fainali alikuwa na muda wa tatu kwa ubora. Akachukua kofia yake avae, mkono wa kulia ukafika usawa wa sikio ukagoma. Akaishusha kofia, akamgeukia mwogeleaji wa nchi nyingine aliyekaa pembeni, akamuomba amvalishe. Nilikuwa nimesimama mlangoni, niliona kila kitu. Dakika chache baadaye alipita mita 100 akiwa wa tatu, akageuka mita 150 akiwa wa tano, akamaliza wa nane.

Alikotoka

R. alianza kuogelea akiwa na miaka 7, kama wengi, kwa sababu ndugu yake mkubwa alikuwa anaenda. Miaka 13 akarefuka ghafla, na watu wa bwawani wanajua huo mwaka unavyokuwa, mikono inakuwa mirefu kuliko akili inavyoitambua, mtindo unavurugika miezi kadhaa alafu unarudi ukiwa mzuri zaidi. Kwake ulirudi mzuri sana. Alikuwa na kitu ambacho hakifundishiki kirahisi, mkono ukishaingia majini kiwiko kinabaki juu, kiganja na mkono wa chini vinashika maji mapema kabisa, alafu mwili mzima unapita juu ya hapo alipopashika. Ukimtazama ungedhani haharakishi.

Akiwa na miaka 16 alikuwa bingwa wa taifa kwa watu wazima, mita 200 na 400 fristaili. 17 akaingia fainali yake ya kwanza ya kimataifa. 18 akapata medali, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, maana kabla ya medali tulikuwa tunamlea mwogeleaji na baada ya medali tukawa tunalinda medali.

Ilivyokwenda

Msimu uliofuata kocha mkuu aliongeza mazoezi kutoka kilomita 50 kwa wiki hadi 60. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na nataka niiseme kwa haki. R. alikuwa anapotea kwenye mita 50 za mwisho, na mtu anayetaka kuogelea 200 na 400 kwa pamoja anahitaji pumzi ya watu wa masafa marefu. Alitupa mfano wa Katie Ledecky, mwogeleaji wa Marekani ambaye mpaka leo ameshinda mita 800 kwenye Olimpiki nne mfululizo, 2012 mpaka 2024, na hakuna anayefika huko kwa mazoezi ya kudokoadokoa. Nilikubali, nilisema ndiyo mbele ya wote.

Miezi miwili ya kwanza ilienda vizuri, na kwenye seti yetu ya kipimo, mita 100 mara kumi kwa mwendo uliopangwa, R. alipiga muda uleule kila wiki, mpaka ikawa inatupa raha kuandika. Mwezi wa tatu akaanza kuvuta pumzi upande mmoja tu, wa kushoto. Nikamuuliza, akasema anapenda hivyo. Mwezi wa nne mkono wa kulia ukaanza kuingia majini kwa upana kidogo, nje ya mstari wa bega, na kiwiko kikawa kinaanguka mapema kabla hajavuta. Nilimrekebisha kwa maneno, “kiwiko juu, kiwiko juu”, akawa anainua urefu mmoja au miwili wa bwawa alafu kinashuka tena. Nikaandika kwamba ni uchovu. Leo nikiona kiwiko kinaanguka kwa mtu ambaye miaka yote kilikuwa juu nauliza bega kwanza, maana mwili unakimbia maumivu, hauna uvivu.

Mwezi wa sita akaacha kulala upande wa kulia, hili nimelijua baadaye kwa mama yake. Mwezi wa saba alikuwa anakunywa dawa za maumivu kabla ya mazoezi ya asubuhi na ya jioni, kwa siri. Mwezi wa nane tukapunguza mazoezi kuelekea mashindano, na kwa kuwa mzigo ulipungua bega likatulia kidogo, heati (raundi ya kwanza) akapita, nusu fainali akapita kwa muda mzuri, sote tukashangilia. Heati, nusu fainali, fainali, na katikati kuna kupasha na kupoza mwili, bega halikupata usiku hata mmoja wa kupumzika. Alafu ikaja ile kofia.

Vipimo vya MRI baada ya kurudi vilionesha kano ya juu ya bega imechakaa na imechanika kwa sehemu. Daktari alituambia kwa upole kwamba hicho si kitu cha wiki moja.

Maamuzi, na kwa nini

*Kukataa sindano.* Miezi mitatu mbele kulikuwa na mashindano ya mchujo ya taifa, na kuna mtu aliyekuwa na nia njema kabisa alipendekeza sindano ya kotisoni kwenye bega ili R. aweze kushindana. Tulikaa watu wanne tukazungumza jioni nzima. Kuna mambo mawili. La kwanza ni kanuni za dawa zilizokatazwa michezoni, tangu 1 Januari 2022 kotisoni kwa sindano ya aina yoyote imekatazwa wakati wa mashindano, na kipindi cha mashindano kinaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku unayoshindana. Dawa inakaa mwilini siku kadhaa kutegemea ni ipi, kwa hiyo ukichomwa karibu na mashindano bila kibali cha matibabu unaweza kupimwa ukakutwa nayo hata kama hukuwa na nia mbaya. Hilo lingeweza kupangwa, kwa miezi mitatu siku zilitosha. La pili ndilo lililotuamulia: sindano ile inatuliza uvimbe na maumivu lakini haiungi kano, na kano iliyochanika inaweza kudhoofika zaidi, na R. alishatuonesha kwamba maumivu ndiyo breki pekee aliyokuwa nayo, na hata hiyo alikuwa anaikanyaga nusu. Tukiitoa hiyo breki tutajuaje? Tukakataa. Akakosa mchujo, akalia sana, na sikuwa na cha kumwambia.

*Kutosaini barua ya kustaafu.* Mwezi wa pili baada ya vipimo R. alikuja na barua ameshaandika. Alikuwa na miaka 20. Hakuwa anaogelea, marafiki zake walikuwa kambini, alisema anataka maisha mengine. Sikumwambia asiache, hiyo ilikuwa haki yake. Nilimwambia kitu kimoja cha kiutaratibu, kwamba mchezaji aliye kwenye orodha ya wanaopimwa dawa zilizokatazwa akitangaza kustaafu, siku akitaka kurudi lazima atoe taarifa kwa maandishi na awe tayari kupimwa kwa miezi 6 kabla hajaruhusiwa kushindana. Nikamuomba aiweke barua kwenye droo wiki sita, ikifika hapo bado anataka, nitamsindikiza kuipeleka mimi mwenyewe. Ilikaa kwenye droo.

Ila kubaki kwenye orodha nako kuna gharama na hapa tulikaribia kuumia vibaya. Mchezaji wa kiwango kile anatakiwa kuandika kila siku atakuwa wapi, na saa moja maalumu ambayo wapimaji wanaweza kumkuta. Ukikosekana au ukiandika vibaya mara tatu ndani ya miezi 12, hilo ni kosa la dawa kamili, sawa na waliokutwa na dawa, unaweza kufungiwa mpaka miaka miwili. R. katika ile hali ya kulala mchana na kuhama hama kati ya kwake na kwa mama yake alikosekana mara mbili. Mara mbili! Mtu ambaye hajawahi kumeza kitu kibaya maishani. Baada ya ya pili tukaweka utaratibu, kila jioni saa 2 mimi au mama yake tunampigia, swali moja tu, kesho utaamkia wapi. Tulifanya hivyo mwaka mzima. Naona ndiyo kazi ya maana kuliko zote nilizowahi kumfanyia na haikuhusu maji.

*Kuacha 400.* Uamuzi huu ulichukua muda mrefu na ulimuuma kocha mkuu kuliko yeye, maana 400 ndiyo ilikuwa ndoto yake kocha. Mtaalamu wa fizio, yaani tiba ya viungo, alisema wazi bega litarudi lakini halitabeba kilomita 60 tena. Tukachagua 200 na 100, tukajenga kila kitu upya kwenye kilomita 30 hadi 35.

*Kurudi kwa kuhesabu.* Miezi minne ya kwanza majini hakutumia mikono kabisa, mateke tu, mikono imelala mapajani, snokeli (bomba la kupumulia) usoni. Ubao wa mateke tuliuondoa kwa sababu kushika ubao huku mikono imenyooka mbele kunalikandamiza bega palepale panapouma. Nchi kavu alifanya mazoezi ya kuvuta mkanda wa mpira kila siku, misuli ya nyuma ya bega na ile inayoshika bapa la bega, kwa sababu waogeleaji wengi misuli ya mbele inayovuta inakuwa na nguvu kupita ile ya nyuma inayozuia, na mfupa wa mkono unavutwa mbele. Pedo za mikononi, vile vibao vinavyovaliwa viganjani kuvuta maji mengi zaidi, zilienda kabatini na hazijatoka mpaka leo.

Alafu tukaweka sheria moja. Kila mkono ukiingia majini ni moja. Katika mwendo wa kawaida R. akiwa mzima alikuwa anatumia mivuto 36 kwa urefu mmoja wa bwawa la mita 50. Sheria ikawa: ikifika 38 mara mbili mfululizo, seti imekwisha, hata kama saa inasema anaenda vizuri, hata kama imebaki moja.

Matokeo

Alirudi kushindana baada ya miezi 13. Shindano la kwanza mita 100 tu, hakuingia hata tatu bora, akatoka majini anacheka. Mwaka uliofuata akachukua tena ubingwa wa taifa wa mita 200. Kimataifa akaishia nusu fainali nafasi ya 9, ile nafasi chungu kuliko zote maana wanaingia 8, na msimu uliofuata akaingia fainali akamaliza wa tano, kwa muda bora kuliko wote maisha yake. Medali nyingine hakupata. Mita 400 kwa kiwango kile hakuogelea tena, na mtindo wa kipepeo hagusi hata kwa kupasha. Aliacha kwa wakati wake, kwa barua nyingine, fupi.

Uchambuzi

Nianze na hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwezi wa tatu badala ya mwaka wa tatu. Nilikuwa naandika muda na pia idadi ya mivuto, ni tabia niliyofundishwa zamani, ila mivuto nilikuwa naandika tu bila kuitazama. Nilipofungua daftari baadaye nikakuta kwenye ile seti ya mita 100 mara kumi, muda ni uleule mwezi baada ya mwezi, mivuto inapanda: 36, 37, 37, 38, 39, 39, 41. Yaani alikuwa anapata muda uleule kwa kushika maji kidogo na kuzungusha mikono haraka. Saa haikudanganya, ilijibu swali tulilouliza. Sisi ndio tuliuliza swali moja.

Sasa weka hesabu. Kilomita 50 ni urefu wa bwawa 1,000. Kwa mivuto 36 ni 36,000 kwa wiki. Kilomita 60 ni urefu 1,200, kwa mivuto 41 ni 49,200. Ni hesabu ya juu juu, ndani yake kuna mita za mateke na mitindo mingine, lakini uwiano ndio huo. Kwenye karatasi ya programu tuliongeza moja ya tano. Bega lilipokea zaidi ya theluthi, na lile la ziada hakuna aliyelipanga, lilizaliwa na jeraha lenyewe: bega linauma, mkono haushiki vizuri, inabidi uzungushe mara nyingi zaidi kupata muda uleule, bega linauma zaidi. Kwa hiyo kosa letu kubwa silioni kwenye kuongeza kilomita, kuna watu wanabeba kilomita 60 na zaidi miaka mingi. Tuliongeza kilomita bila kuuliza kila wiki kilomita moja inamgharimu mivuto mingapi. Kocha mkuu na mimi bado hatukubaliani hapa, yeye anasema mzigo ulikuwa mkubwa basi, na pengine kwa bega lile ana haki.

Kilichofanya kazi kuliko nilivyotegemea ni ile sheria ya 38. Siri yake sidhani kama ni namba. Ilimuondolea R. kazi ya kuamua kusema. Mtu aliyelelewa tangu miaka 7 kwamba bingwa hasimami katikati ya seti, huwezi kumwambia “ukisikia maumivu sema”, hatasema, au atasema akiwa hawezi kuvaa kofia. Namba ikisema imekwisha hakuna aibu. Wiki za mwanzo seti zilikatika karibu kila siku na alikuwa anakasirika anapiga maji, mwezi wa tatu akaanza kukata mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kupumzika muda mrefu kulitutisha sana na sasa naona tuliogopa zaidi ya ilivyopaswa. Sarah Sjöström, mwogeleaji wa Sweden, aliteleza kwenye barafu Februari 2021 akavunja kiwiko, kiangazi kilekile akapata medali ya fedha ya mita 50 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Paris 2024 akashinda 50 na 100. Anthony Ervin wa Marekani alishinda mita 50 kwenye Olimpiki ya mwaka 2000, akaacha miaka, akarudi akaishinda tena 2016 akiwa na miaka 35. Hao ni watu wa mbio fupi, ni kweli, na kila mwili una habari yake. Upande wa pili yupo Ian Thorpe wa Australia, aliyeacha 2006 akiwa na miaka 24, akarudi 2011 na hakufuzu kwenda London 2012, na kadri miaka ilivyopita amezungumza wazi kuhusu msongo aliopitia tangu ujana. Kwangu tofauti kubwa kwa R. ilikuwa kwamba hakuondoka na hasira, barua ilikaa droo, na kila jioni kulikuwa na simu inayomuuliza kesho utaamkia wapi.

Kilichoshindikana kabisa ni akili. Miezi ile ya kwanza tulikuwa na daktari wa bega, fizio, mtaalamu wa lishe, na hakuna mtu hata mmoja wa kuzungumza naye kuhusu kuwa na miaka 20 na kutokuwa tena kile kitu ambacho kila mtu anakuita. Tuliona analala mchana tukasema anapumzika. Mtu wa ushauri alikuja mwezi wa sita, baada ya kukosekana mara ya pili kwenye kipimo, yaani tulihitaji hatari ya kufungiwa ndipo tuone kwamba mtu anaumwa. Hili silisamehe kirahisi.

Na ile siku ya fainali? Nimejiuliza kama ningeingia nikamtoa. Kujitoa kwenye fainali inawezekana. Pengine mita 200 zile hazikuongeza kitu kikubwa kwenye kano ambayo ilikuwa imeshachanika, daktari alisema hivyo. Lakini sikukaa kimya kwa sababu ya hesabu ya daktari, nilikaa kimya kwa sababu alikuwa leni ya 3.

Alichosema R. aliposoma

Nilimpa rasimu kabla. Pale nilipokuwa nimeandika kwamba hakuwahi kutuambia bega linauma, alisema si kweli. Alisema aliniambia mimi, asubuhi moja, ukingoni mwa bwawa, mwezi wa tatu, nikamjibu amalizie zilizobaki alafu apumzike. Sikukumbuka. Nikalifuata daftari la msimu ule, nikageuza kurasa mpaka mwezi wa tatu. Ipo. Mwandiko ni wangu, pembeni kabisa ya ukurasa, “R. anasema bega limechoka”, na chini yake muda wa ile siku nimeuzungushia duara kwa sababu ulikuwa mzuri. Ile sentensi yangu nimeifuta.